Nusu ya Kiyoyozi

Mama mkwe wangu alizimia shambani katikati ya matuta ya viazi vitamu, na alipozinduka jambo la kwanza alilofanya ni kunilaumu kwamba maji niliyommwagia usoni yalikuwa ya kupikia chai. Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na Bi Toyo, tangu nilipoolewa na mwanawe Shigeru nikaletwa hapa Kamise. Asubuhi supu yangu ina chumvi nyingi, jioni haina kabisa. Nikifagia kuelekea mlangoni nafukuza bahati, nikifagia kuelekea ndani naingiza takataka. Nami si mtu wa kumeza maneno, namjibu. Majirani walikuwa wakizisikia sauti zetu wanajua kwamba kumekucha, wanaamka kuwasha majiko yao.

Kisiwa chetu hakina siri. Kabla Bi Toyo hajavaa kandambili zake vizuri, habari ilikwishafika Kagoshima kwa binti yake Setsuko, ambako ni safari ya meli ya usiku kucha. Wifi yangu alipiga simu jioni ileile. Hakufoka. Alisema tu kwamba ana chumba kitupu, jengo lina lifti, na hospitali ipo ng'ambo ya barabara. Kisha akatoa sharti lake: wakati wa Obon, sikukuu ya marehemu kurudi nyumbani, atakuja kuwapokea pamoja nasi, na akikuta chumba cha mama yake bado hakina kiyoyozi, sikukuu ikiisha anarudi naye mjini moja kwa moja. Setsuko si mtu mbaya. Aliogopa, na mtu mwenye hofu huwezi kubishana naye.

Basi Kamise nzima ikaanza kunipongeza. Wanawake waliniambia waziwazi pale gatini kwamba sasa nitapumua, kwamba Mungu wa jikoni amekisikia kilio changu. Nilikasirika, na hasira ile iliwashangaza wao na mimi mwenyewe. Lakini nilipokuwa naosha vyombo siku ile, nililifikiria lile jiko bila mtu wa kusimama nyuma yangu akiguna, nikaona mahali palipo kama nyumba ya wageni. Sikutaka aende. Ndiyo hivyo, na sikuwa na mtu wa kumwambia, maana nilikuwa nimekwisha kumlalamikia kwa kila mtu.

Yeye mwenyewe kuondoka hakutaka hata kusikia. Mume wake amezikwa juu ya kilima kinachotazama bandari, na kila asubuhi humpelekea chai na umbea. Lakini kiyoyozi nacho hakutaka. Alisema baridi ya mashine ni ya wagonjwa na ya samaki waliokwisha kufa. Nikaona ninavyo vita viwili, na mimi ni mmoja. Nikaamua kununua kwanza, ugomvi baadaye.

Duka letu la ushirika linauza mchele, misumari na betri. Kiyoyozi utakipata kwenye simu tu. Nikakaa sebuleni nikaperuzi duka moja kubwa la mtandaoni, nikachagua mashine nzuri nyeupe inayostahimili upepo wa chumvi. Juu wameandika kwa herufi nyekundu kubwa: tunakufikishia bure nchi nzima, na juu yake fundi wa kukufungia. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: isipokuwa visiwa vya mbali. Sisi ndio huwa hao isipokuwa. Kodi tunalipa, kura tunapiga, utabiri wa tufani unaanza na jina letu, lakini ikija bure, sisi ni isipokuwa.

Nikawaandikia kwenye kile kidirisha cha maongezi. Msichana wa huko alikuwa na adabu sana. Aliniuliza kama mbele ya nyumba kuna maegesho. Nikamwambia yapo, kisiwa kizima kina magari machache yenye kutu. Akauliza kama gari lao linaweza kufika bila tabu. Nikamjibu linaweza, kama linajua kuogelea. Akaomba radhi, akaniuliza daraja la kwenda huko limefungwa tangu lini. Hapo nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Hatimaye nikafanya tunavyofanya sote. Mzigo unapelekwa ghala la meli kule bandari ya Kagoshima, pale unaandikwa kwa kalamu nene jina la mtu na jina la kisiwa, basi, na meli inauleta. Mimi nikaomba waandike jina la Bi Toyo badala ya langu. Mabaharia wetu wana adabu yao: mzigo wa mtu mzima hautupwi.

Siku ya meli hapa kwetu hakuna anayebaki nyumbani. Kamba za meli tunazikamata wenyewe, mizigo tunaishusha wenyewe, mwalimu, nesi, wavuvi, wote wamevaa glavu. Ndiyo maana kila mtu anajua jirani yake amenunua nguo za ndani za ukubwa gani. Shigeru mume wangu ni mtu wa kamba ya mbele. Siku ile bahari ilikuwa imeanza kuvimba, tufani ikiwa bado mbali kusini, na nahodha alikuwa akipiga honi ya kutuharakisha tangu hajafunga.

Nilikuwa sijui kwamba kiyoyozi huja kwa maboksi mawili. Likashushwa la kwanza, refu na jepesi, limeandikwa ubavuni TOYO, KAMISE. Bi Toyo alikuwa palepale anangoja mfuko wake wa pumba. Akasoma, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na gati lote ni kitu gani hicho alichoagiza yeye. Kabla sijatunga uongo, wimbi likainua meli, kamba ikalia, nahodha akapiga honi ndefu na meli ikajivuta nje. Na mimi kwa macho yangu, pamoja na kisiwa kizima, tukaliona boksi la pili, fupi na nene, jina lilelile ubavuni, limesimama katikati ya sitaha likielekea baharini.

“Limeenda,” akasema Shigeru. Kwa mume wangu hiyo ni hotuba.

Kituo kinachofuata ni Orise. Baharia mmoja, kwa wema wake, akaona boksi halina maana ya kuzungushwa mpaka mwisho wa safari, akalishusha pale gatini Orise ili walichukue wakati wa kurudi. Lakini kurudi hakukuwapo. Tufani iligeuka, meli ikakimbilia kisiwa kikubwa kujificha, nasi tukapigilia mbao kwenye madirisha.

Sasa Orise. Bi Toyo alizaliwa Orise. Siku isiyo na ukungu anakiona kisiwa chake akiwa anaanika nguo, na ndiyo maana anaanika nguo akiwa amekipa mgongo. Huko yuko mdogo wake, Mitsu, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka zaidi ya thelathini. Sababu ni mtungi. Mama yao alikuwa na mtungi wa miso, lile rojo la soya lililochachushwa tunalolitia kwenye supu, na miso ya mtungi ule ilianzishwa na bibi yao, haijapata kuisha hata siku moja. Mama alipofariki, Toyo alifika msibani akakuta Mitsu amekwisha kuuhamishia mtungi jikoni kwake. Wakaambiana maneno mbele ya jeneza. Tangu siku hiyo hakuna kadi ya mwaka mpya, hakuna salamu, hakuna lolote. Na tangu siku hiyo hakuna supu iliyompendeza mama mkwe wangu, sasa unajua kwa nini.

Na ule ulikuwa mwezi wa saba. Katikati ya kiangazi sisi hupelekeana zawadi, kila mtu kwa mtu anayemheshimu: tambi, tikiti, sabuni, bia. Ukipelekewa lazima urudishe, na usiporudisha watu watakusema mpaka watoto wako wazeeke. Basi tazama walichokiona watu wa Orise. Mwezi wa zawadi. Meli imetoka Kamise. Boksi kubwa zito, limeandikwa Toyo wa Kamise, limeachwa gatini na mvua ya tufani inakuja. Kwetu mzigo wa mwenzio hauachwi unyeshewe. Hawakujiuliza mara mbili. Wakalibeba mpaka nyumbani kwa Mitsu.

Simu iliporudi baada ya upepo nilipiga Orise, nikauliza boksi langu liko wapi, nikapewa namba ya Bi Mitsu. Nikapiga nikiwa nimesimama wima kama mtoto wa shule.

“Shikamoo, mama mdogo. Ni Nobue hapa, mke wa Shigeru wa Kamise. Napiga kuhusu lile boksi...”

“Usiseme kitu, mwanangu,” akanikatiza. Kisha nikasikia anapenga kamasi. “Nililiona jina lake nikakaa chini palepale kwenye mvua. Miaka yote hii nilikuwa nangoja yeye aanze, na mimi ndiye mdogo, ilinipasa nianze mimi. Mwambie dada yangu nimeliweka mbele ya picha ya mama. Nimeliwashia ubani.”

Nikaiona ile picha kichwani: sehemu ya nje ya kiyoyozi, imekaa madhabahuni baina ya maua na bakuli la wali, inafukizwa. Mimi Nobue, ambaye sijapata kukosa neno tangu nizaliwe, nikasema, “Tumefurahi sana, mama mdogo,” nikakata simu.

Nilimweleza Bi Toyo kila kitu, kiyoyozi, meli, ubani, vyote. Nilitegemea kelele. Aliacha kumenya kiazi.

“Amelia?” akauliza.

“Amelia.”

“Kwa sauti?”

“Alipenga kamasi.”

“Mitsu analia ovyo tangu utotoni,” akasema, akaendelea kumenya. Lakini jioni alikunywa supu yangu mpaka mwisho, akasema ni nzuri. Nilimwangalia Shigeru, Shigeru akaniangalia. Tuliogopa kwamba anaumwa.

Meli ilipoanza tena, ilituletea jibu. Wanaume wanne waliushusha ule mtungi ukiwa umeviringishwa kwenye godoro, wakitembea hatua za polepole, wanaambiana chini chini waangalie. Baharia akafikisha salamu za Bi Mitsu kwamba kitu hiki kinamjazia jiko bure. Bi Toyo akafunua kifuniko, akachovya kidole, akalamba. Kisha akatugeuzia mgongo, akasimama hivyohivyo muda mrefu. Na sisi wote tuliokuwa pale, kwa adabu, tukaanza kuyatazama mawimbi kana kwamba ndiyo kwanza tunayaona.

Wakavuna kwa kapu, hao ndugu, na mimi nikabaki na jembe mkononi. Maana Obon ilikuwa inakuja, kwenye chumba cha Bi Toyo kulikuwa na boksi refu ambalo alikuwa ameligeuza benchi, na mwenzake alikuwa Orise anakula ubani. Nikamwomba aniruhusu nimwambie Mitsu ukweli. Akanikodolea macho.

“Ukithubutu kulidai lile boksi, mimi na wewe basi,” akasema. “Zawadi hairudishwi.”

“Haikuwa zawadi, mama.”

“Imekuwa.”

“Setsuko atakuchukua.”

“Na anichukue. Nitakwenda Kagoshima nikakae kwenye lifti yake. Lakini mdogo wangu hataambiwa kwamba alilia kwa bahati mbaya.”

Nikarudi kwa yule msichana wa kidirisha, nikamuuliza kama wanauza ile sehemu ya nje peke yake. Akasema hawauzi nusu. Akanishauri, kwa adabu yake ileile, nizungumze kwa upole na jirani aliyepokea mzigo wangu.

Kumbe joto lile lilikuwa Orise pia. Bi Mitsu, baada ya kuliacha boksi madhabahuni kwa siku za kutosha, alimwita mkwewe Tatsuo aje amuwashie lile feni kubwa alilotumiwa na dada yake. Tatsuo ndiye fundi umeme wa visiwa vyetu vyote, anakwenda kila gati na begi lake. Alifungua, akatazama, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akamwambia mama mkwe wake ukweli: hii ni nusu. Hii ndiyo inayokaa nje, inayotapika joto. Bila ile ya ndani, haiwezi kumpoza hata mbu.

Tulikuwa tunakula asubuhi simu ilipolia. Aliyekuwa karibu nayo ni Bi Toyo, akapokea mwenyewe. Nilimwona anakaza mgongo, nikajua ni nani. Nikasogea nikatega sikio bila aibu.

“Tatsuo anasema hii ni nusu tu,” ikasema sauti ya Mitsu. Salamu hakuna.

Bi Toyo akaweka bakuli lake chini.

“Nusu nyingine iko wapi?”

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, sasa imekwisha: mdogo mtu atajua kwamba ametukanwa, mtungi utarudi, na mama mkwe wangu atakwenda Kagoshima bila ndugu na bila supu.

“Ninayo mimi,” akasema Bi Toyo.

Nilisikia hata jogoo wa Orise.

“Yaani,” akasema Mitsu polepole, “yako bila yangu haifai kitu. Na yangu bila yako haifai kitu.”

Bi Toyo akanitazama. Mimi nikatazama dari. Shigeru alikuwa ameacha kutafuna.

“Ndiyo,” akasema. “Umechelewa kuelewa. Hata shuleni ulikuwa hivyohivyo.”

Orise nzima ililia. Mwalimu mkuu wao, mwenye wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole, aliwasimulia darasani kama funzo la hekima. Wazee walisema kweli Toyo ni mtu wa maana kubwa, miaka yote hii alikuwa anafikiri. Na watu wa Kamise, ambao waliliona lile boksi likiondoka kwa kusahauliwa, ambao walinisikia nikilitukana wimbi, wote walifunga midomo. Hakuna aliyepanga, na hakuna aliyeteleza. Mtu wa Orise akiwauliza, wanajibu, “Alikusudia.” Hata Shigeru alisema hivyo, neno zima.

Mitsu akasema atakuja na nusu yake, na Tatsuo atatufungia. Tatizo ni kalenda. Meli iliyomleta Setsuko ilipita ikaenda kulala kisiwa kikubwa mpaka Obon iishe, kama kila mwaka. Na mashua za uvuvi siku zile hazitoki, hata kwa dharura ya meno, kwa sababu bahari inakuwa imeachiwa marehemu wapite. Mitsu angekuja kwa meli ya kurudi. Meli hiyohiyo ndiyo Setsuko aliyokatia tiketi mbili.

Wifi yangu alifika, akamkuta mama yake ameketi juu ya kiyoyozi anajipepea kwa kipepeo cha mkono. Nikamweleza kuhusu Orise. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema mashine inayokuja si mashine. Sikuweza kumlaumu. Siku ya pili ya sikukuu, tulipokwenda makaburini, Bi Toyo alipepesuka akashika jiwe la mumewe asianguke. Setsuko alirudi nyumbani akaanza kukunja nguo za mama yake.

Asubuhi ya meli tulishuka gatini sote. Bi Toyo amevaa gauni la safari, begi liko miguuni, na ule mtungi ameufungia kitambaa anataka kwenda nao mjini. Nilikuwa nimempikia supu yake ya mwisho na miso ya mama yake, na mkono wangu ukawa mzito kwenye chumvi kwa sababu sikuwa naona vizuri. Alikuwa ameinywa bila neno. Nikamchukia kwa kunyamaza kule. Heri angenitukana.

Meli ikafunga. Ngazi haijagusa gati vizuri Bi Mitsu alikwisha kuikanyaga, mfupi, mpana, kichwani kofia ya majani. Nyuma yake Tatsuo na mabaharia wawili wamebeba boksi lenye masizi ya ubani juu yake. Meli haikai sana kwetu, inashusha, inapakia, inaondoka. Honi ya kwanza ikalia.

“Mama, twende,” akasema Setsuko, akamshika mkono. “Kufunga kitu hicho ni kazi ya mchana kutwa, na hatujui kama kitawaka. Meli haingoji.”

Bi Toyo hakusogea. “Usiniulize mimi,” akasema. “Muulize mwenye nyumba.”

Setsuko akageuka kumtafuta kaka yake. Bi Toyo akatingisha kichwa, akaninyooshea kidole mimi. Miaka yote niliyokaa katika nyumba ile nilikuwa mke wa Shigeru, nilikuwa yule wa jikoni, nilikuwa “wewe” tu. Mwenye nyumba nilikuwa sijaitwa.

Setsuko akanitazama usoni. “Dada Nobue, niambie kweli. Humchoki?”

“Namchoka kila siku,” nikasema. “Chumvi yangu hajaipenda hata mara moja. Lakini asubuhi nikiamka sina wa kugombana naye, nitajuaje kwamba kumekucha? Muache. Kisipowaka nitampepea mimi kwa mkono wangu, na atalalamika kwamba nampepea vibaya.”

Honi ya pili ikalia. Shigeru alikuwa ameshika kamba ya mbele anangoja amri. Alimtazama mama yake, akanitazama, akaifungua kamba bila kuambiwa, akaitupa majini. Meli ikaondoka na tiketi mbili ambazo hazina watu.

“Na leo chumvi ilizidi,” akaniambia Bi Toyo. Nikalia palepale, na Kamise nzima ikayatazama mawimbi.

“Dada,” Mitsu akaita kutoka kwenye boksi, “utasimama hapo mpaka lini? Shika upande wako.”

Wakashika, huku mmoja kule mmoja, na chini yao wanaume wanne ndio waliobeba uzito wote. Walibishana njia nzima mpaka nyumbani kuhusu nani anamvuta mwenzake.

Tatsuo alitoboa ukuta, akavuta waya, akalaani mbao zetu za zamani. Alasiri kikawaka. Setsuko aliinua kiganja chake mbele ya ule upepo, akakiacha pale mpaka mabega yakamshuka, akaenda nje kumpigia bosi wake kwamba atachelewa meli moja. Bi Toyo alikaa chini ya kile kiyoyozi akasema hakina maana yoyote, kisha akaomba aletewe koti lake la baridi. Mitsu akashika rimoti. Kuanzia hapo sikupata nafasi ya kugombana na mama mkwe wangu kwa wiki kadhaa, kwa sababu zamu zote alizichukua mdogo wake. Mmoja anaongeza, mwingine anapunguza, mimi na Shigeru tunaungua chumba cha pili.

Joto lilipopungua, Mitsu alifungasha. Akamwita Tatsuo na kumwambia aifungue nusu yake, anarudi nayo Orise. Tatsuo akanuna, akaeleza habari za gesi na mabomba. Mitsu akamwambia zawadi ni yake, na kwamba upepo wa chumvi wa Kamise utaila wakati wa baridi. Nilimwangalia Bi Toyo nikitegemea atakataa. Alikuwa amekwisha kumfungia mdogo wake miso ya njiani.

“Basi mwakani utailete mapema,” alimwambia.

Na ameileta, kila mwaka, mwezi wa saba, kwa meli, boksi lilelile. Tatsuo anafunga, vuli anafungua, ananuna. Bi Toyo kuanzia mwezi wa tano anaanika nguo akiwa ameelekea Orise, ananiuliza kila siku kama bahari imetulia. Setsuko amejitolea kununua kiyoyozi kizima kipya ili tuachane na huu wendawazimu. Nimekataa.

Juzi lile duka la mtandaoni limenitumia ujumbe. Wana habari njema kwa wateja wao wapendwa: sasa wanafikisha bure mpaka visiwa vya mbali, na hata nusu, sehemu ya nje peke yake, wanauza. Shigeru aliusoma kupitia begani kwangu.

“Futa,” akasema.